Swali: Freddie Mercury alikuwa mtoto wa nani pale Unguja?

Mwalimu wa Tanga

Ndugu zangu, assalaam aleikum na salamu kwa wote. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu Unguja kwa ziara ya masomo, na tulipofika Mji Mkongwe tulipata mtembezaji mmoja kijana, mcheshi na mwenye ulimi mwepesi, ambaye alitusimulia habari za mwimbaji wa roki Freddie Mercury kwa namna iliyoniacha na maswali mengi kuliko majibu. Alitwambia kwamba baba yake alikuwa jaji mkubwa, kwamba ukoo wake ni wa Kishirazi kama walivyo watu wengi wa Unguja, kwamba alikimbia usiku wa Mapinduzi akiwa mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, na kwamba alipofariki mwili wake uliletwa kisiri ukazikwa huku kwetu. Nyumba aliyozaliwa tulionyeshwa mbili, katika mitaa miwili tofauti, na mtu yuleyule.

Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa kweli mtu huyu alikuwa wa kwetu, kwa nini alilitupa jina la baba yake na kujiita jina ambalo halina hata harufu ya Zanzibar? Naomba mwenye kujua atueleze wazazi wake walikuwa nani, walifikaje Unguja, waliondoka vipi, na hilo la jina lina maana gani. Nataka niwarudishie wanafunzi jibu la kweli, maana mimi ndiye niliyewapeleka wakasikie hayo mengine.

Binti Vuga

Mwalimu wangu, aleikum salaam. Mtembezaji wako kakosea karibu kila alipofungua mdomo, lakini usimlaumu sana, kwani hadithi ya jaji inapendeza zaidi kuliko ya karani, na watalii hawalipi kusikia habari za makarani. Nami naona siri yote ya ukoo huu imo katika ukarani huo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara, naye alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali ya Unguja, hii ambayo leo tunaiita Mnazi Mmoja. Baba yake, Bomi Bulsara, aliyezaliwa mwaka 1908, alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu. Si jaji wala wakili, bali mtu wa kupokea faini na ada, kuandika stakabadhi na kufunga hesabu jioni. Mama yake, Jer, alikuwa mdogo kwa mumewe kwa miaka 14. Wote wawili asili yao ni Gujarat, India, na jina Bulsara lenyewe limetokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huandikwa Valsad. Walioana huko, kisha mke akamfuata mume mahali pa kazi. Mtoto wao wa pili, Kashmira, alizaliwa mwaka 1952, na hao ndio watoto wao wawili tu.

Babu yangu mzaa mama naye alikuwa karani serikalini miaka hiyohiyo, na alikuwa akitueleza jinsi ngazi za kazi zilivyopangwa kwa rangi. Juu kabisa walikaa Waingereza, ambao ndio waliokuwa wakitawala kwa jina la Sultani tangu nchi ilipowekwa chini ya ulinzi wao mwaka 1890. Katikati wakawekwa watu wa asili ya India, waliokabidhiwa vitabu vya hesabu, forodha na posta. Na Waafrika wengi wakaachiwa kazi za chini, hata yule aliyejua kusoma na kuandika vizuri kuliko bosi wake. Mtunza fedha wa Mahakama alikuwa mtu wa hiyo ngazi ya katikati. Mshahara wake ulimwezesha kuwa na nyumba nzuri, yaya wa kumlelea mtoto, na heshima mtaani, lakini haukumpa ardhi, wala duka, wala shamba la karafuu. Mwenye shamba ana kitu kinachomfunga mahali. Karani hufuata kazi ilipo, na kazi ikikatika hana cha kumzuia. Ukilishika hilo, Mwalimu, utaona kwamba safari zote za familia hii zilitokana na kalamu ya Bomi Bulsara.

Kuhusu nyumba mbili, mimi sishangai. Makumbusho yake yalifunguliwa Shangani mwaka 2019, na yapo katika jengo linalotajwa kuwa familia iliwahi kukaa. Lakini karani wa mjini ni mpangaji, na mpangaji huhama. Kwa hiyo nyumba zaidi ya moja zaweza kusema kweli kwa wakati mmoja. Isipokuwa hakuna hata moja yenye haki ya kusema alizaliwa ndani yake, kwa kuwa alizaliwa hospitali.

Mtu wa Makunduchi

Naongeza kidogo kwenye hilo la Ushirazi, kwa sababu linatugusa sisi wa kusini. Familia ya Bulsara walikuwa Waparsi, yaani watu wa dini ya Zarathustra, ambayo katika vitabu vyetu vya dini huitwa dini ya Majusi. Wahenga wao walitoka Uajemi baada ya nchi hiyo kutekwa na Waarabu Waislamu, wakavuka bahari hadi pwani ya Gujarat, wakapewa hifadhi, wakachukua lugha ya Kigujarati na mavazi ya huko huku wakiihifadhi dini yao na kuoana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo sababu nyumbani kwa akina Farrokh kilisemwa Kigujarati, wala si Kiajemi.

Washirazi wa pwani yetu ni habari nyingine kabisa. Masimulizi yetu pia yanataja Uajemi, lakini ni Uajemi wa Waislamu waliokuja kwa majahazi karne nyingi kabla, wakaoana na wenyeji, na leo ni Waswahili kwa kila hali. Kuunganisha mambo hayo mawili kwa sababu tu neno Uajemi limetajwa pande zote mbili ni sawa na kumwita kila mtu aliyepita Dar es Salaam kuwa ni Mzaramo.

Hata hivyo, kuna jambo dogo ambalo hunifurahisha kila nikilifikiria. Sisi Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, tunaosherehekea mwezi wa Julai kwa kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda, na hesabu ya mwaka huo ni ile ya Nairuzi, ambayo asili yake ni mwaka mpya wa Waajemi. Waparsi nao wana Nairuzi yao. Kwa hiyo mtoto yule wa Mji Mkongwe alikuwa na sikukuu ambayo jina lake tungelielewa sisi watu wa shamba kuliko majirani zake wengi wa mjini, ingawa sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumleta Makunduchi aone.

Msikilizaji wa Santuri

Nimekuwa mpenzi wa Queen, bendi aliyoiimbia Freddie, tangu nikiwa kijana Mombasa, na ningependa kueleza sehemu ambayo watembezaji huiruka, nayo ni India. Watu hudhani alitoka Zanzibar moja kwa moja hadi London. Kwa kweli, sehemu kubwa ya utoto wake haikuwa Zanzibar wala Uingereza.

Alianza kusoma Unguja kwa masista wa Kianglikana, na alipofikia umri wa miaka 8 hivi wazazi wake wakampeleka shule ya bweni ya St Peter's, huko Panchgani, mji wa milimani usio mbali sana na Bombay. Wazee wa Mombasa na Unguja watakumbuka meli za kampuni ya British India, kama Karanja na Kampala, zilizokuwa zikipita bandari zetu kwenda na kurudi Bombay. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya wanafunzi wa aina yake. Safari kama hiyo haikuwa ya kurudi nyumbani kila likizo, hivyo likizo nyingi alikaa kwa bibi yake na shangazi yake Bombay. Mwenye kuwahi kupelekwa bweni akiwa mdogo anajua kwamba mtoto hujifunza huko kujenga sura mbili, moja ya kuwaonyesha wenzake na nyingine ya usiku wakati taa zimezimwa. Mimi nilipelekwa nikiwa na miaka 10, umbali wa saa tatu tu kwa basi, na bado nakumbuka.

Huko ndiko walimu na wenzake walikoanza kumwita Freddie. Shikeni jambo hili vizuri, kwa sababu linajibu nusu ya swali la mwanafunzi wa Mwalimu: jina la kwanza hakulichagua London ili kuwapendeza Wazungu, bali alipewa na walimu na wenzake huko India, na familia yake wenyewe ikalitumia. Mkuu wa shule aliona kipaji chake, akawaandikia wazazi kwamba kwa kuongeza ada kidogo mtoto angeweza kufundishwa piano ipasavyo. Mtunza fedha wa Mahakama akaongeza ada. Mtoto akafika daraja la nne katika mitihani ya piano, ya vitendo na ya nadharia. Mwaka 1958 yeye na wenzake wanne walianzisha bendi ya shule iliyoitwa The Hectics, wakipiga nyimbo za akina Little Richard na Fats Domino, na jambo la kustaajabisha ni kwamba mwimbaji hakuwa yeye. Yeye alikaa kwenye piano. Alikuwa pia bondia na mchezaji mzuri wa mpira wa meza, mambo ambayo mtu hatarajii.

Kwa hiyo ukiniuliza muziki wake ulitoka wapi, nitakwambia Panchgani kabla sijakwambia Shangani. Najua kuna wanaopenda kusema kwamba taarabu ya Unguja iliingia katika sauti yake. Nimesikiliza santuri zake zote kwa zaidi ya miaka 30 na taarabu sijaisikia. Nilichosikia ni opera, piano ya Kizungu na roki.

Mwalimu wa Tanga

Nawashukuru sana. Nimekwisha kuandika kurasa mbili. Lakini Bwana Msikilizaji, je, lile neno «Bismillahi» katika wimbo wake maarufu? Mtembezaji alilitumia kama ushahidi, akasema hata vijana wa Kiislamu wa Unguja wanajivunia.

Msikilizaji wa Santuri

Mwalimu, neno hilo lipo kweli katika Bohemian Rhapsody, wimbo wa mwaka 1975 uliokaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki 9, na aliyeutunga ni yeye. Maana ya maneno yake alikataa kuieleza maisha yake yote. Maoni yangu ni kwamba mtoto aliyeanza kusema Unguja, hata awe Mparsi, Mgoa au Banyani, hawezi kukua bila kulisikia neno hilo kila mtu anaponyanyua tonge au anapofungua mlango wa duka. Linakaa sikioni. Lakini kutoka neno moja hadi kumfanya awe Mwislamu ni safari ndefu ambayo nisingeianza.

Mhamiaji wa London

Naandika kutoka magharibi ya London, ambako nimeishi tangu mwaka 1989, na nataka kueleza kuondoka kwao.

Farrokh alirudi Unguja mwaka 1963, akaendelea na masomo katika shule ya masista ya St Joseph's. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964, kwa hiyo hakuwa mtoto mchanga mgongoni kwa mtu. Alikuwa kijana wa miaka 17 mwenye uwezo wa kuona na kuelewa yote yaliyotokea. Wala hawakuondoka usiku ule. Waliondoka baadaye katika mwaka huohuo wa 1964, na hapa namuunga mkono Binti Vuga. Mahakama ambayo Bomi alikuwa akiitunzia fedha ilikuwa ya serikali ambayo haipo tena. Alikuwa na umri wa miaka 56 hivi, na pasi za familia zilikuwa za Kiingereza. Watu wenye mali walipoteza mali zao, na wengi, Waarabu hasa lakini na wengineo pia, walipoteza maisha. Akina Bulsara waliondoka na masanduku, na kilichobaki nyuma yao ni cheo kisicho na ofisi.

Walikwenda Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, wakakaa katika nyumba ndogo ya Gladstone Avenue, nambari 22. Niliwahi kwenda kuitazama. Ni nyumba ya kawaida kabisa iliyobanana na jirani yake, katika mtaa ambao ndege hupita juu ya mapaa mchana kutwa, na tangu Septemba 2016 imewekwa ukutani kibao cha buluu cha kumbukumbu. Baba alitafuta kazi ya hesabu akaipata, mama akauza dukani, yeye ambaye Unguja alikuwa na yaya. Kijana alisoma kwanza Isleworth, kisha chuo cha sanaa cha Ealing, ambako alihitimu mwaka 1969 katika usanii wa michoro, na likizo alibeba mizigo ya wasafiri Heathrow ili apate fedha. Alama ya bendi ya Queen, yenye simba wawili, kaa, mabinti wawili wenye mabawa na ndege wa moto, aliichora mwenyewe kwa ujuzi huo wa Ealing. Huko chuoni pia ndiko alikojuana na mwimbaji wa bendi ya Brian May na Roger Taylor, na yule mwimbaji alipojitoa mwaka 1970, yeye akaingia, na bendi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Queen. Mpiga besi John Deacon alikuja mwaka uliofuata.

Sasa hilo jina la ukoo. Mercury alilichukua mwaka 1970 hivi. Mwalimu, nakuomba uwaeleze wanafunzi wako London ya wakati ule ilikuwaje. Mwaka 1968, kijana huyu akiwa chuoni, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Kiingereza wasiingie nchini, na mwanasiasa Enoch Powell akatoa hotuba iliyowapa wengi ujasiri wa kuwatukana wahamiaji barabarani. Familia ya Bulsara ilipita mlango huo miaka minne tu kabla haujafungwa. Katika hali hiyo sioni ajabu kijana wa jukwaani akajivua jina ambalo watangazaji wangelitafuna vibaya. Hata hivyo, sisemi ilikuwa hofu tu, kwa kuwa jukwaa lina desturi zake, na rafiki yake Elton John alizaliwa akiitwa Reginald Dwight bila kuwa mhamiaji wa kutoka popote. Mimi nilipofika hapa nilifupisha jina langu ili waajiri wasilione refu, na mama yangu hakuacha kuniita la zamani hata siku moja. Naye hivyo hivyo: wazazi na dada yake walibaki akina Bulsara, naye akawa akienda kwao Feltham kula chakula cha mama yake. Bomi aliishi hadi mwaka 2003, na Jer alifariki Novemba 2016, miezi miwili baada ya kibao kile kuwekwa.

Mkereketwa wa Ng'ambo ya Darajani

Naheshimu elimu yenu, lakini mimi nauliza tofauti: kwa nini tunamng'ang'ania? Mtu huyu hakurudi kuishi kwetu, hakuimba hata neno la Kiswahili, na mwenendo wake wa maisha haukubaliani na dini wala mila za watu wa Unguja. Mwaka 2006, palipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga hadharani na sherehe ikafutwa. Wapinzani wale walikuwa na hoja, na hoja hiyo haijafa kwa sababu tu watalii wanaleta dola.

Binti Vuga

Kaka yangu, hoja hiyo naijua na sitaidharau, kwa kuwa nimekulia miongoni mwa watu wanaoishikilia. Lakini Mwalimu hakuuliza kama tumpende. Ameuliza alikuwa mtoto wa nani. Mtu anaweza kutoukubali mwenendo wa jirani na bado akasema kweli kuhusu mlango aliotokea. Tena ukisema Waparsi hawakuwa wa Unguja, utafuta pia mahakimu, mafundi na madaktari wa jamii ile ndogo waliokuwa na hekalu lao la moto papo hapo Unguja, ambao leo hawapo na hawana wa kuwasemea. Freddie Mercury ndiye pekee kati yao ambaye jina lake limebaki midomoni mwa vijana, nalo ni jina ambalo si la ukoo.

Imebaki habari ya kaburi, na hii ni fupi. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa tangazo kwamba ana UKIMWI, na kesho yake jioni akafariki nyumbani kwake Kensington, London, akiwa na umri wa miaka 45, kwa nimonia iliyotokana na ugonjwa huo. Wenzake wa bendi na meneja wao walianzisha mfuko wa hisani, Mercury Phoenix Trust, ambao umegharimia kazi za kupambana na UKIMWI katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Mazishi yake yaliendeshwa na makasisi wa dini ya wazazi wake, kwa sala zao za kale, mbele ya baba na mama waliokuwa hai wote wawili. Baada ya sala mwili ulichomwa, huko huko magharibi ya London, na majivu akakabidhiwa Mary Austin, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye hajamtangazia mtu alikoyaweka.

Kwa hiyo Mwalimu, mtembezaji akikuonyesha kaburi lake Unguja, mwulize kwanza lina majivu au mwili.

Mwalimu wa Tanga

Nitamwuliza. Tunarudi mwezi wa Agosti na kidato cha nne, na safari hii nitawapitisha Vuga kwanza, waione Mahakama.